Asili ya Neno "Bunduki"



Hapana mtoto wa Ruangwa wala wa Nachingwea asiyelijua neno bunduki, lakini ni wachache wanaojiuliza limetoka wapi. Wako wasemao kwamba limetokana na Venice, mji wa Italia, kwa kuwa Waarabu huuita mji huo Al-Bunduqiya. Majina hayo yafanana kwa sauti tu. Asili ya neno letu ni nyingine.

Asili yake ni tunda. Wayunani wa kale walipata kokwa ndogo za kuliwa kutoka Ponto, pwani ya kusini ya Bahari Nyeusi, wakaziita kokwa za Ponto. Jina hilo lilipofika kwa Waarabu liligeuka kuwa bunduq. Korosho yetu imepindika kama figo, bali kokwa ile ni ya mviringo kama gololi. Kwa ajili ya umbo hilo, Waarabu wakaviita bunduq vidonge vya udongo au vya risasi walivyovirusha kwa upinde kuwinda ndege. Hata ilipokuja baruti, silaha mpya ikarusha vidonge vya namna ile ile, nayo ikalirithi jina. Neno likafika Bara Hindi, likavuka na bahari hadi pwani yetu, likawa bunduki.

Jambo hili si la kustaajabisha. Wazee wetu walitundika mtini gogo lililotobolewa ndani, ili nyuki waingie watengeneze asali, wakaliita mzinga. Walipoliona bomba nene la chuma litoalo moto na ngurumo, nalo pia wakaliita mzinga.

Neno risasi nalo ni la Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ile madini nzito, laini, ambayo vidonge hutengenezwa kwayo. Katika Vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907, watu wa kusini, na Wamwera miongoni mwao, waliambiwa kwamba dawa ya maji itazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Hazikugeuka. Wengi waliuawa vitani, na wengi zaidi walikufa kwa njaa iliyofuata.

Basi jina la silaha hutuambia ilifananishwa na nini siku ya kwanza ilipoonekana: kokwa ya kutafuna, au nyumba ya nyuki. Halituambii itatenda nini.