Mashine ya Bei Rahisi, Vijiti vya Bei Ghali

Mgonjwa akishaambiwa ana kisukari, ndugu huchangishana wakamnunulia mashine ya kupimia sukari, na mara nyingi huchukua ya bei ya chini kabisa. Nia yao ni njema, ila mashine hununuliwa mara moja, vijiti vyake vya kupimia hununuliwa maisha yote. Tena vijiti vya mashine moja havifanyi kazi kwenye mashine ya aina nyingine.

Tupige hesabu kwa bei za mfano. Mashine ya kwanza ni shilingi 35,000 na kopo lake la vijiti 50 ni 45,000. Ya pili ni 60,000, kopo lake 25,000. Anayepima mara moja kwa siku atamaliza makopo 7 na kufungua la 8 ndani ya mwaka. Ya kwanza itamla 395,000. Ya pili 260,000. Kwa anayejidunga insulini, ambaye hupima mara kadhaa kwa siku, tofauti hiyo ni chakula cha watoto.

Anayemeza vidonge vya metformin peke yake kwa kawaida halazimiki kupima kila siku. Apange ratiba na daktari. Huyu asirundike makopo, maana vijiti huharibika kwa unyevu na muda wa kuvitumia baada ya kufungua umeandikwa kwenye kopo.

Kwa insulini, linganisha bei ya yuniti. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000, kalamu ya mililita 3 ina 300. Kalamu ni ghali zaidi, lakini kwa mzee asiyeona vizuri alama za bomba la sindano, mimi ningemnunulia kalamu. Asiye na jokofu la kuhifadhia insulini asikate tamaa: utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa 2021, ulifuata joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Kenya, nyuzi 25 hadi 37, na insulini ikabaki na nguvu yake kwa wiki nne.

Na wewe unayeona kiu isiyoisha, kukojoa sana usiku na kukonda bila sababu, usianze na mashine. Nenda kituo cha afya ukapimwe sukari asubuhi kabla ya kula chochote; 7.0 mmol/L au zaidi, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari.

Ukifika duka la dawa, ulizia kwanza bei ya kopo la vijiti, na kama mwezi ujao litakuwepo.