Kisumu iwakumbuke mameya wake, na wenzi wao pia

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Methali hiyo nimeifundisha darasani kwa zaidi ya miaka ishirini, na wanafunzi wangu wameiandika katika insha zao mpaka nikachoka kuisoma. Siku moja, hata hivyo, msichana mmoja wa kidato cha pili aliinua mkono akaniuliza: "Mwalimu, chanda kikishavikwa pete, kiganja kilichokibeba hupewa nini?" Darasa zima liliangua kicheko. Nami nilicheka, nikamwambia aketi, nikaendelea na somo. Ninakiri leo kwamba nilifanya hivyo kwa sababu sikuwa na jibu.

Swali lile hunirudia kila nisikiapo kwamba mji fulani unajiandaa kusherehekea miaka yake. Aghalabu hotuba huwa nyingi, bendi hupigwa, na mameya wa zamani, wakikumbukwa, huitwa jukwaani kupewa vyeti. Waume na wake zao hubaki chini ya hema wakipiga makofi pamoja na umati. Rai yangu ni kwamba hiyo ni nusu heshima, na nitaieleza kwa kuutazama mji wa Kisumu.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliwasili ukingoni mwa Ziwa Viktoria mwezi wa Desemba mwaka 1901. Ndiyo maana Kisumu ilisherehekea karne yake mwaka 2001, mwaka ule ule ilipopandishwa hadhi kuwa jiji. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2026 ndio wa 125 tangu reli ifike, na wa 25 wa jiji. Bila shaka mahali penyewe palikuwa na wenyewe kabla ya garimoshi. Jina Kisumu huhusishwa na neno la Kijaluo linalotaja safari ya kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana mali. Wajenzi wa reli hawakulijali. Waliiita stesheni yao Port Florence.

Florence alikuwa nani? Wapo wasemao ni mke wa Ronald Preston, aliyesimamia utandazaji wa reli, na kwamba ndiye aliyepigilia msumari wa mwisho. Wapo wasemao ni mke wa George Whitehouse, mhandisi mkuu, kwa kuwa naye pia aliitwa Florence. Ubishi huo si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba pande zote mbili zinakubaliana kuwa aliyeheshimiwa alikuwa mke wa mtu aliyekuwa kazini. Mkoloni, ambaye hakuona haja ya kuyataja majina ya maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi na wenyeji waliobeba vyuma vile, alijua walau kumkumbuka mwenzi wa nyumbani. Je, sisi tuliojitawala tumewafanyia nini wenzi wa mameya wetu?

Mathias Ondiek alikuwa meya wa Kisumu katika miaka ya mwanzo ya uhuru, akafariki mwaka 1965 angali madarakani. Nafasi yake ilichukuliwa na Grace Onyango, aliyekuwa mwalimu kama wengi wenu mnaosoma makala haya. Kwa hatua hiyo akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya nchini Kenya, miaka mitano kabla ya Margaret Kenyatta kuushika wadhifa huo Nairobi. Mwaka 1969, mwaka ambao damu ilimwagika mjini Kisumu, alichaguliwa kuwa mbunge, mwanamke wa kwanza kuingia Bunge la Kenya kwa kura za wananchi. Alifariki mwezi wa Machi mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 98.

Mumewe, Onyango Baridi, alikuwa mwalimu na mwanahabari. Nawaomba wasomaji wazingatie hali ya mwaka 1965. Mke avae mkufu wa meya, aketi kichwani mwa meza iliyozungukwa na madiwani wanaume, arejee nyumbani usiku kutoka vikaoni, na mji mzima uwe na la kusema. Sina haja ya kubuni yaliyozungumzwa nyumbani mwao. Inatosha kuuliza ni waume wangapi, hata leo, wangeyastahimili maneno ya barazani kwa ajili ya kazi ya mke. Mume wa namna hiyo naye ni sehemu ya historia ya mji.

Huenda msomaji akaniuliza nimeyajulia wapi haya ya wenzi. Nimeyajulia nyumbani. Marehemu baba yangu alikuwa meya wa manispaa moja ndogo ambayo sitaitaja. Yeye alikuwa na ofisi, dereva na joho. Mama alikuwa na mlango. Alfajiri kabla hatujaenda shuleni, mlangoni palikuwa na watu: mjane ambaye kibanda chake cha mboga kilibomolewa na askari wa baraza, kijana mwenye barua ya kuitwa shule ya upili lakini asiye na karo, mfagiaji wa barabara ambaye hajalipwa kwa miezi mitatu. Wote walinywa chai yetu. Baba alipoamka, mama alikuwa amekwisha kuyapanga matatizo yao kwa uzito. Maamuzi kadhaa yaliyoandikwa katika kumbukumbu za baraza kwa jina la baba yalizaliwa jikoni, na sukari iliyotumika hapo haikutoka katika hazina ya baraza.

Miaka kadhaa baada ya baba kufariki, manispaa ile iliadhimisha miaka yake, na kadi ya mwaliko ikaletwa nyumbani ikiwa na jina la marehemu. Mama alivaa kitenge chake cha Jumapili akaenda. Kijana aliyekuwa akipokea wageni aliisoma kadi, akamwambia kwa adabu kwamba viti vya mbele vilikuwa vya mameya wenyewe. Mama hakubishana. Aliketi nyuma, akasikia jina la mumewe likisomwa na cheti kikikosa wa kukipokea, kisha akarudi nyumbani kabla ya chakula. Nilipomuuliza sherehe ilikuwaje, alinijibu kwa ufupi: "Ilikuwa na watu wengi." Hakulitaja jambo hilo tena mpaka alipoaga dunia.

Najua kuna watakaopinga. Watasema mameya wengi hawakustahili hata cheti, achilia mbali wenzi wao. Wataikumbuka takataka iliyorundikwa masokoni, viwanja vya umma vilivyogawiwa marafiki na chaguzi za meya ambamo kura za madiwani zilinunuliwa kama ndizi. Hayo ni kweli, na nisingependa historia ipakwe chokaa. Lakini kumkumbuka mtu si kumtakasa. Mji unaowasahau mameya wake wabaya umejinyima somo, na mji unaowasahau wema umejinyima mfano. Fauka ya hayo, mwenzi hakupigiwa kura na diwani yeyote, wala hakutia sahihi hati ya kiwanja. Alichotoa kwa umma aghalabu kilikuwa muda wake na chakula chake. Na ikiwa yupo aliyeshiriki uovu, hilo nalo liandikwe.

Jambo hili lina haraka yake. Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ilileta serikali za kaunti, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza ya miji yakatoweka pamoja na wadhifa wa meya. Mwanafunzi anayeingia shule ya upili leo hamkumbuki meya yeyote. Mwalimu wake kijana huenda anajua tu kwamba waliwahi kuwapo. Wakati huohuo waliovaa ile mikufu wanazidi kupungua, na wajane na wagane wao wanazeeka. Mzee akifa, anakwenda na mengi ambayo hayamo katika faili yoyote.

Kwa hivyo napendekeza kazi isiyohitaji bajeti kubwa. Kila shule ya Kisumu ichague meya mmoja. Orodha ni ndefu: baada ya Ondiek na Onyango wamo pia kina Prisca Auma na Shakeel Shabbir, na wengineo. Wanafunzi waende na daftari, wakiwa wametumwa na mwalimu na kukaribishwa na familia, wamwandikie kila meya kurasa mbili. Waeleze alihudumu lini, jambo gani jema alilolifanya, na wapi alikosea. Kisha waandike jina la mwenzi wake, na wenzi wote kama walikuwa zaidi ya mmoja, maana nyumba nyingi za kwetu hazikuwa za mke mmoja. Waulize: nani aliyefungua mlango alfajiri? Nani aliyebaki na watoto vikao vilipokwenda usiku? Ni uamuzi gani wa baraza ulioanzia nyumbani?

Maandishi hayo yawekwe katika maktaba za shule, na nakala ipelekwe katika Makavazi ya Kisumu. Siku ya maadhimisho ikiwadia, wazee hao waketishwe mbele wawili wawili, na panapokosekana mmoja, aliyebaki aketi mahali pao bila kuulizwa kadi ni ya nani. Nakuru ilipata hadhi ya jiji mwaka 2021 na Eldoret mwaka 2024. Nayo miji hiyo itakuwa na sherehe zake, hivyo somo ni lao pia.

Msichana yule wa kidato cha pili sasa ni mwalimu, kama nilivyoarifiwa. Iwapo anayasoma makala haya, ningependa ajue kwamba swali lake halikuwa la kuchekwa. Kiganja hakina haja ya pete, kwa kuwa hakivai pete. Kinachohitaji ni kutajwa, na kwa hilo hatuna udhuru. Nimechelewa kumjibu, tena nimechelewa zaidi kwa mama yangu. Kisumu bado ina nafasi ya kutochelewa.