Sapu moja yaweza kumfungia mtoto mlango wa uzamili

Wiki iliyopita nilikuwa Kericho, nimekwenda kumtazama mpwa wangu anayefundisha upande wa Bomet. Tulikuwa tumekaa tukiangalia mashamba ya chai na mvua inanyesha, akaniambia: "Mjomba, nilikosa uzamili kwa alama isiyofika moja." Nikadhani ni mzaha, mpaka aliponionyesha karatasi yake ya matokeo.

Hesabu iko hivi. Vyuo vikuu vyetu vingi hapa Kenya hutoa A kuanzia alama 70, B kuanzia 60, C kuanzia 50 na D kuanzia 40. Wastani wa 70 ni daraja la kwanza, 60 ni la pili la juu, 50 ni la pili la chini. Kuingia uzamili moja kwa moja, vyuo vingi hutaka la pili la juu. Mwenye la chini huambiwa afanye kazi kwanza, aghalabu miaka miwili.

Sasa tuje kwenye sapu. Anayeanguka somo akarudia mtihani, kwa kanuni ya vyuo vingi, huandikiwa 40 hata akipata 65. Tuseme mtu ana masomo 40, na katika 39 wastani wake ni 60.4. Likiingia lile la 40, wastani unakuwa 59.89. Keshashuka daraja! Angeandikiwa 65 yake, angekuwa na 60.5.

Sababu ya kanuni naifahamu: aliyefaulu mara ya kwanza asidhulumiwe. Lakini adhabu ya somo moja isiwe adhabu ya shahada nzima. Mpwa wangu hakuwa mvivu. Alifanya mtihani akiwa na malaria, akaona haya kusema.

Hapo ndipo wazazi wengi wa Pwani hatujui. Mtoto akiugua, apeleke barua ya daktari kabla ya mtihani na aombe mtihani maalum. Huo si sapu. Alama anayoipata ndiyo anayoandikiwa. Pia akague alama zake kila muhula, asingoje kuhitimu ndipo agundue somo limekosekana.

Na anayeomba chuo cha nje aambatanishe maelezo ya madaraja yetu. Marekani, A mara nyingi huanzia 90 hivi. Asiyejua ataiona 68 ya Kenya kama alama ya mtu dhaifu, na kumbe kwetu ni B nzuri.

Mpwa wangu sasa ametimiza miaka miwili darasani. Karibu naye kuna Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake 2013, na anataka kuomba huko. Nimemwambia aombe, na barua ya mwalimu mkuu wake aitangulize. Mlango haukufungwa kwa kufuli, ila amezungushwa miaka miwili kwa barua moja ya daktari ambayo hakuipeleka.