Mikutano ya watafiti wa mawasiliano: nani anasema juu ya redio za mashariki?

Kila mwaka watafiti wa mawasiliano toka inchi nyingi wanakutana siku chache kuzungumza juu ya redio, televisheni, simu na uvumi. Moja kati ya mikutano hiyo mikubwa ni ule wa AIERI, shirika la kimataifa lenye kuundwa Paris mwaka 1957 kwa msaada wa UNESCO. Waongeao Kiingereza wanaliita IAMCR. Mwaka 2012 mkutano ulikuwa Durban, Afrika Kusini. Ule wa 2021 ulipangiwa Nairobi, lakini sababu ya Covid-19 watu wakakutana kwa intaneti tu.

Wengi wanaweza kujiuliza: hayo yanahusu nini mkaaji wa Beni, Bunia ao Bukavu?

Vikao vinapangwa namna gani

Programu ya mkutano haitungwi siku ya kufungua. Miezi mingi mbele, shirika linatoa wito. Mwenye kutaka kusema anatuma muhtasari wa maneno 300 hadi 500: swali lake ni gani, alifanya utafiti namna gani, alikuta nini. Kwa kawaida mwisho wa kutuma ni mwezi wa pili, na mkutano unafanyika mwezi wa saba. Watafiti wengine wanasoma muhtasari huo bila kujua jina la aliyeuandika.

Ukikubaliwa, wapangaji wanaweka pamoja watu wane ao watano wenye kazi zinazokaribiana. Hicho ndicho kikao. Kinachukua karibu saa moja na nusu. Kila mmoja anapewa dakika 10 ao 15, kisha maswali. Kuna vikundi vya redio za jamii, vya afya, vya vijiji na vya mawasiliano wakati wa vita. Asiyetuma kitu mwanzoni mwa mwaka hana nafasi ya kusema mwezi wa saba.

Mfano wa Ebola

Tarehe 1 mwezi wa nane 2018, Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini. Mwezi uliofuata watafiti waliuliza watu 961 huko Beni na Butembo. Karibu mtu mmoja kati ya wane alisema Ebola si ya kweli. Wasiofika theluthi moja ndio walikuwa na imani na viongozi wa mahali. Wasio na imani hiyo hawakuwa wepesi kukubali chanjo ao kwenda hospitali. Matokeo yalitoka mwaka 2019 katika gazeti la waganga, The Lancet Infectious Diseases.

Hesabu kama hizo zinatembea mbali. Wanaopanga kampeni za kesho wanazisoma. Lakini hesabu peke yake haielezi kila kitu. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2018, CENI ilisogeza uchaguzi wa Beni na Butembo, ikitaja Ebola na usalama mdogo. Watu wakaandamana. Kwa wengi, ugonjwa ulikuwa umeingizwa katika siasa. Maswali yao yalikuwa yanafika redioni kila siku kwa simu: mbona riposti ina pesa, na malaria haina? Mbona wanakuja kwa Ebola, na hawakuja wakati wa mauaji?

Kazi ya kujibu ilikuwa na hatari. Mwezi wa kumi na moja 2019, mtangazaji wa redio ya jamii huko Lwemba, Ituri, aliuawa nyumbani kwake kisha kutoa kipindi juu ya Ebola.

Njia ya kuingia

Vizuizi vipo: viza, tiketi ya ndege, ada. Ila AIERI inapunguza ada kwa watu wa inchi zenye kipato kidogo, na Kifaransa ni moja kati ya lugha zake tatu, pamoja na Kiingereza na Kihispania. Kwa hiyo mwanahabari wa Kongo anaweza kuandika muhtasari katika lugha aliyoisomea.

Kinachohitajika kwanza ni daftari. Kila kipindi, redio inaweza kuandika tarehe, swali la msikilizaji na eneo lake, bila jina wala namba ya simu, sababu kuna sehemu ambamo jina linaweza kumletea mtu matatizo. Kisha miezi sita, daftari hiyo inaonyesha uvumi ulianza lini, ulipitia wapi, na jibu gani liliutuliza. Mwalimu wa chuo kikuu cha karibu anaweza kusaidia kuitengeneza kuwa utafiti, majina yote mawili yakiandikwa juu.

Msikilizaji naye ana haki yake. Mtafiti akifika mlangoni na karatasi ya maswali, inafaa kumuuliza: majibu haya yanaenda wapi, na lini matokeo yatarudi kusomwa hapa redioni, katika Kiswahili?