Kabla hujamwachisha kazi, umemsikiliza?

Katika Luka sura ya 16, tajiri mmoja aliletewa maneno kwamba wakili wake anatapanya mali. Akamwita, akamdai hesabu, na papo hapo akamwambia uwakili wake umekwisha. Mahubiri mengi hukimbilia ujanja alioufanya wakili baadaye. Leo tutazame jambo lililotangulia: uamuzi ulitolewa kabla hesabu haijasomwa.

Jambo hilo laweza kutokea katika ofisi yoyote ya fedha, iwe Bukoba mjini au Muleba. Keshia anafunga dirisha jioni, anakuta shoti. Afisa mikopo anafuata marejesho, anakuta wakopaji wamehama. Kesho yake anaambiwa aache funguo mezani aende zake. Hakuna barua ya tuhuma, hakuna kikao. Tena mwajiri si lazima awe benki kubwa yenye makao Dar es Salaam. Anaweza kuwa SACCOS ambayo mwenyekiti wake ni mzee wa kanisa na wajumbe wa bodi wanaimba kwaya moja na huyo keshia.

Mungu ajuaye yote hakumtoa Adamu bustanini kabla ya kumwita na kumwuliza. Kama Yeye aliuliza, sisi tusiojua yote tuna haraka gani? Katika Yohana 7:51, Nikodemo aliwauliza wenzake barazani kama sheria yao inamhukumu mtu kabla ya kumsikia. Walimjibu kwa dharau, lakini swali lake lilikuwa la haki. Kila bodi inamhitaji Nikodemo wake.

Sheria ya nchi yetu inauliza vivyo hivyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri anayemwachisha mtu kazi ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu wa haki. Kanuni za mwaka 2007 zinataka mtuhumiwa apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na aruhusiwe kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Hata shoti haikatwi kienyeji. Mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo cha hasara na hesabu yake, mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake.

Kusikilizwa hakumsafishi mwizi. Akiba ya mjane ikiibwa, aliyeiba awajibike. Lakini mwizi na asiye na hatia huonekana sawa mpaka pale wanapopewa nafasi ya kusema.

Tena si kila aliyepoteza kazi ya benki ameiba. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki tano zilizokuwa na upungufu wa mtaji, mojawapo ikiwa Kagera Farmers' Cooperative Bank ya hapa kwetu. Wenye amana walielekezwa kwa Bodi ya Bima ya Amana. Karani aliyekaa dirishani alielekezwa wapi? Mlango wa benki ukifungwa, wapo watu wanaokosa mshahara bila kosa lolote, na minong'ono ya mtaani huwaumiza mara ya pili. Kanisa lisiwe sehemu ya minong'ono hiyo.

Sasa neno kwa wewe uliyeachishwa. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30 tangu ulipoachishwa. Unajaza fomu namba 1 na kumpa mwajiri nakala yake. Kwanza mnakaa kwa usuluhishi. Ukishindikana, shauri linasikilizwa na mwamuzi. Ukishinda, anaweza kuamuru urudishwe kazini au ulipwe fidia. Asiyeridhika ana wiki sita za kwenda Mahakama Kuu. Ila ujue pia kwamba aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo hawezi kudai kwamba aliachishwa isivyo haki.

Siku hizo 30 hupotea kwa urahisi. Aibu inakula wiki ya kwanza. Wiki ya pili na ya tatu zinakwenda kwa wazee wanaoahidi kuyamaliza mambo kindugu. Ya nne mtu yuko kwenye mkesha wa maombi, na fomu haijajazwa. Kwa anayetoka visiwa vya Bumbire au Ikuza, safari ya kwenda kudai haki inaanza kwa boti, hivyo muda wake ni mfupi zaidi.

Kudai haki si kukosa imani. Paulo alipigwa hadharani Filipi bila kuhukumiwa. Mahakimu walipotaka atoke gerezani kimyakimya, alikataa. Akataka waje wenyewe kumtoa (Matendo 16:37). Alikuwa ameomba na kuimba usiku ule ule, na asubuhi akadai haki yake. Kwa hiyo, mchungaji, padri, katekista, unapomwombea muumini aliyeachishwa, muulize pia: ni siku ya ngapi leo, na fomu umeshajaza?

Na wewe uliye mwajiri, Jumatatu ukikuta hesabu haikai sawa, andika tuhuma, panga siku ya kikao, kisha nyamaza umsikilize mwenzako.

Bwana, utupe masikio kabla ya hukumu. Amina. Jumapili njema.