Stoo ya Mahindi Isivuje

Huku kwetu Tunduma na Mbozi mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Mahindi tuliyovuna katikati ya mwaka huwa bado yamo stoo, nayo ndiyo chakula cha watoto kipindi chote hicho. Kwa hiyo paa la kibanda kile cha uani litazamwe Septemba au Oktoba, kungali na jua.

Tunapowatembelea wajane na wagonjwa kwa niaba ya kanisa, mara nyingi tunakuta nyumba ina bati zuri, lakini stoo imefunikwa kwa vipande vya bati kuukuu, turubai na mawe juu yake. Mama husema, "Ile ni stoo tu." Sisi hatukubali. Mahindi yakilowa huota ukungu, na ukungu wa aina fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo huharibu ini. Kupika ugali hakuiondoi, wala kuyaanika mahindi upya. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kwa kibanda kidogo, paa la mteremko mmoja latosha. Bati kuukuu likishatolewa, kagua papi. Ukichoma kisu kwenye ubao kikazama kwa urahisi, umeoza au umeliwa na mchwa, badilisha. Kupigilia bati jipya juu ya papi bovu ni kutupa fedha. Dukani kumbuka kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30, ingawa namba yake ni ndogo.

Fundi aanze kupanga upande usiotoka upepo wa mvua, ili maungio yaupe upepo kisogo. Bati lilalie mwenzake migongo miwili. Misumari yenye mpira ipigwe juu ya mgongo, kamwe si bondeni yanamopita maji.

Sasa umalizio, na hapa ndipo mafundi wengine hulipua kazi, hasa wakiona mama yuko peke yake. Bati lipite ukuta sentimeta 20 au 30, maana tofali za udongo zikilowa hubomoka. Ncha za papi zifunikwe kwa fishabodi iliyonyooka. Kama kibanda kimeegemea nyumba, pale bati linapokutana na ukuta pawekwe kipande cha bati kilichokunjwa, ukingo wake uingie ndani ya plasta. Hapo ndipo huvuja kuliko kwingine. Kabla ya kulipa salio, ingia ndani mchana, funga mlango, utazame juu. Kila nukta ya mwanga ni njia ya maji.

Matundu madogo huzibwa kwa kitambaa na lami ya moto. Watoto wakae mbali kabisa. Lami ikimdondokea mtu, usiibandue, wala usimwagie mafuta ya taa ili itoke, wala usipake dawa ya meno. Mmwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha umpeleke kituo cha afya lami ikiwa hapo hapo.

Paa likikamilika, magunia yarudi juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta. Mahindi yaliyokwisha kuota ukungu yasirudi. Kuku wasipewe, wala wapika pombe wasiuziwe.