Kadi ya kudumu yenye tarehe ya kuisha

Mama yangu amevuka themanini na hasomi bila miwani, lakini siku ile hakutaka kungoja iletwe. Aliishika kadi kwa vidole viwili, akaisogeza mbali na uso, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango. Tulikuwa tumeketi mkekani, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, na mjukuu wake, mpwa wangu, alikuwa ametua jana yake kutoka Ujerumani.

“Hii ndiyo ya kudumu?” akauliza.

“Ndiyo, Bibi.”

“Sasa mbona ina tarehe ya kuisha?”

Tulicheka, kasoro mpwa wangu. Swali lile alishajiuliza mwenyewe.

Kadi hiyo Wajerumani huiita Niederlassungserlaubnis, kibali cha mtu kutulia mahali bila ukomo. Haki iliyo ndani yake haina mwisho. Plastiki yake ndiyo yenye mwisho: haizidi miaka kumi, na pasipoti ikiisha mapema kadi nayo hubadilishwa. Maelezo hayo mama aliyasikiliza kwa adabu, kama asikilizavyo wauza dawa za mitishamba stendi.

Mpwa wangu aliondoka mwaka 2019 akiwa na miaka 21, cheti cha kidato cha sita mkononi na Kijerumani cha kuombea maji. Alikuwa amepanga kwa shangazi yake Dar es Salaam ili asome ngazi ya kwanza, A1, pale Goethe-Institut. Nilimtania kwamba Mtanga hahitaji darasa la Kijerumani. Shule tunayopeleka watoto ni Schule yao, na hela tunayoihangaikia ni Heller, sarafu waliyoianzisha huku mwaka 1904. Hata mkonge uliojenga mji huu uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. “Mjomba,” alinijibu, “nenda na maneno hayo ubalozini uone kama watakupa viza.”

Aliingia kwa mlango wa au pair, yaani kijana anayeishi na familia, akiwaangalia watoto wao huku akijifunza lugha. Mlango huo una masharti yake: uwe hujafikisha miaka 27, kazi isizidi saa 30 kwa wiki, na muda usizidi mwaka. Familia inakupa chumba, chakula na pesa ya mfukoni. Hapa mtaani habari zikaenea kwamba binti wa fulani “yuko Ulaya”, na ndugu wakaanza kutuma maombi ya simu na ada. Hakuna aliyejua kwamba anayeombwa analala chumba cha chini ya ardhi na anahesabu senti za basi.

Mwaka ule haujaisha, ikaja korona. Viwanja vya ndege vikafungwa, yeye amefungiwa ndani na watoto wa watu. Hapo ndipo alipoamua. Alikuwa amefika B1, akajisukuma hadi B2, na mwaka 2020 akapata nafasi ya mafunzo ya uuguzi.

Niwasihi wazazi wanaosoma makala haya waishike vizuri sehemu hii, maana mawakala wengi wanaishi kwa kuificha. Mafunzo ya uuguzi ya Ujerumani ni miaka mitatu: saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za wodini. Hayana ada. Mwanafunzi ndiye anayelipwa, na katika hospitali za umma malipo yalikuwa yamevuka euro elfu moja kwa mwezi, kabla ya makato, tangu mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mtu akikuambia uuze kiwanja ili alipie “ada ya chuo” cha uuguzi Ujerumani, kiwanja kiache kilipo. Gharama za haki zipo: kozi ya lugha, mitihani yake, tafsiri za vyeti, viza, nauli. Hizo zina risiti.

Alihitimu mwaka 2023. Sheria ya huko inasema aliyesomea ujuzi ndani ya Ujerumani anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka miwili ya kufanya kazi kwa kibali cha mtaalamu, badala ya mitatu anayopaswa kungoja mtaalamu aliyesomea kwingine. Awe amechangia mfuko wa pensheni miezi 24, ana lugha, ana makazi ya kutosha, na anaijua nchi. Kuijua nchi kunapimwa kwa mtihani wa maswali 33 ndani ya dakika 60, kuanzia katiba yao hadi ukuta wa Berlin. Ada ya kibali chenyewe ni euro 113. Mwaka 2025 akaitwa kuichukua kadi.

Nilimuuliza ni kitu gani kilichobadilika. Nilitarajia ataje mshahara. Akanisimulia Krismasi mbili alizopangiwa zamu ya usiku mfululizo, katika nyumba ya wazee aliyoanzia kazi, wakati wenzake wenyeji wako kwao. Hakulalamika. Kibali chake kilisimama juu ya kazi ile, na kazi ikianguka nacho kingeyumba. “Mjomba, mtu mwenye kibali cha muda anaonekana mpole,” alisema. “Si upole. Anaogopa.” Juma lilelile alilopokea kadi, alimwandikia mkuu wake barua kwamba mwaka huo Desemba anakwenda kwao. Likizo ikakubaliwa.

Baada ya kadi watu wengi huuliza uraia. Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani inampa uraia mgeni aliyeishi huko miaka mitano na kutimiza masharti, bila kumlazimisha kuukana wa kwao. Mkenya anaweza kuvipokea vyote viwili, kwa kuwa Katiba yao ya 2010 inaruhusu. Sisi sheria yetu inamwambia mtu mzima kwamba akichukua uraia wa nchi nyingine, wa Tanzania umemtoka. Upo mpango wa Hadhi Maalumu kwa wenye asili ya hapa, lakini hadhi si uraia. Kwa Mtanzania, basi, ukaazi wa kudumu ndio mwisho wa ngazi kwa yule asiyetaka kurudi Tanga akigongewa muhuri wa mgeni.

Na huo nao una saa ndani yake. Akikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita bila ruhusa ya mapema, kibali kinakufa. Si Wajerumani peke yao: Kanada wanataka siku 730 ndani ya kila miaka mitano, Uingereza ukikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo umekipoteza, na Marekani mwenye kadi ya kijani akikaa nje mwaka mzima ana la kujieleza mpakani. Kudumu, kila mahali, maana yake ni kudumu kwao.

Mpwa wangu anazijua hesabu hizo kwa moyo. Mwaka 2024 mama yake, dada yangu, alianguka na bodaboda akavunjika mguu. Binti akaja kwa wiki tatu, akamfundisha jirani namna ya kumgeuza na kumwogesha, akarudi kuwageuza na kuwaogesha wazazi wa watu wengine. “Sasa ningeweza kukaa naye miezi sita,” aliniambia. “Ila likizo yenyewe bado ni wiki chache.”

Haya yote mama aliyasikia akiwa ameishika kadi. Marehemu baba alikuja Tanga miaka ya hamsini akitokea Kasulu, mmoja wa manamba walioletwa kwa mkataba kukata mkonge. Walipewa kipande, kadi iliyowekwa alama kila siku ya kazi. Ikitimia siku thelathini ndipo mtu alipwe.

“Babu yako naye alikuja na kadi,” mama akasema, akimrudishia mjukuu wake ile ya kwake. “Aliniambia ikijaa anarudi kwao.”

“Ikajaa, Bibi?”

“Ikajaa. Akachukua nyingine.”